Mbalamwezi na Uvuvi wa Dagaa

Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika huwasha taa usiku. Dagaa huufuata mwanga, wakakusanyika chini ya taa, ndipo wanaponaswa kwa wavu. Lakini mbalamwezi ikienea ziwani, nuru ya taa haina nguvu, na dagaa hutawanyika. Basi gharama ya taa hupotea bure, na watoto nyumbani wanangoja.

Je, mvuvi afanyeje? Na autazame mwezi. Mwezi mpevu huchomoza jua linapotua, ukang'aa mpaka alfajiri: usiku huo pumzikeni, tengenezeni nyavu. Kila siku ifuatayo huchelewa kiasi cha dakika 50. Vueni kabla haujatoka. Mwezi mchanga hutua mapema. Ngojeni utue, ndipo muwashe taa.