Kichwa cha treni chenye jina la mlima wa Tanzania

WAKAZI wa Buguruni, Vingunguti na Pugu, ambako Reli ya Kati hupita karibu kabisa na vibaraza vya nyumba, wamezoea honi ya injini ya dizeli, na tangu mwaka 2024 wanashuhudia pia treni ya umeme ikielekea Morogoro na Dodoma. Sauti ambayo vijana wengi wa vitongoji hivyo hawakuwahi kuisikia ni ile ya mvuke, iliyotawala reli hiyo tangu Wajerumani walipoanza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905.

Anayetaka kuona mojawapo ya injini kubwa za enzi hizo hana budi kuvuka Namanga hadi Nairobi. Huko, katika Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni kuu, kimehifadhiwa kichwa cha treni namba 5918. Jina lake ni Mount Gelai, yaani mlima Gelai ulioko kando ya Ziwa Natron, mkoani Arusha.

Jina hilo halikutolewa kwa bahati. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja, na vichwa 34 vya daraja la 59 vilivyotengenezwa na kiwanda cha Beyer, Peacock mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki yote. Kichwa kingine cha daraja hilo kilichomo katika makumbusho hayo, namba 5930, kinaitwa Mount Shengena, kilele cha milima ya Upare.

Vichwa hivyo vilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250 kila kimoja, na vilihesabiwa kuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote duniani katika reli ya upana wa mita moja. Kazi yake kuu ilikuwa kuvuta shehena kati ya Mombasa na Nairobi, safari ya kilomita 530 inayoanzia usawa wa bahari na kuishia kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Treni ya tani 1,200 ilipandishwa mahali ambapo njia huinuka mita moja na nusu kwa kila mita 100.

Je, injini nzito kiasi hicho iliwezaje kupita katika reli nyembamba yenye kona nyingi? Jibu limo katika umbo lake. Mhandisi Mwingereza, Herbert William Garratt, aliomba hataza mwaka 1907 ya injini iliyogawanywa sehemu tatu. Boila hukaa katikati, ikiwa imebebwa kama daraja juu ya mihimili miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Kila mmoja una silinda zake na magurudumu yake, na huweza kugeuka peke yake kwenye kona. Mount Gelai ina magurudumu 28, na 16 kati ya hayo ndiyo yanayosukumwa na mvuke. Uzito hutawanyika, reli haivunjiki. Kwa kuwa hakuna magurudumu chini ya boila, mafundi waliweza kuifanya nene na fupi, na boila ya namna hiyo hutoa mvuke kwa wingi.

Haikutumia makaa ya mawe bali mafuta mazito, kwa hiyo msaidizi wa dereva hakushika koleo. Alilinda moto kwa kufungua na kufunga vali, huku akitazama rangi ya moshi. Matangi yalibeba karibu lita 40,000 za maji. Madereva wengi wa reli hiyo walikuwa Masingasinga na Wagoa, na kichwa kilipokabidhiwa kwa dereva maalum kiling'arishwa shaba zake kama vyombo vya arusi.

Dizeli zilianza kuchukua nafasi hiyo katika miaka ya 1960. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la reli likagawanywa, na kichwa chenye jina la mlima wa Tanzania kikabaki Kenya, ambako daraja la 59 lilistaafishwa kufikia mwaka 1980.

Kilichofuata ni nadra. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mount Gelai ilifufuliwa na kuvuta tena treni maalum za watalii na wapenzi wa reli. Namba 3020, injini ndogo zaidi iliyoundwa Glasgow mwaka 1955 na kupewa jina la Nyaturu, kwa heshima ya Wanyaturu wa Singida, nayo iliwashwa katika kipindi hicho.

Kufufua injini ya mvuke si kuipaka rangi. Hatari yote imo katika boila, ambayo kwa daraja hilo hufanya kazi kwa shinikizo la ratili 225 kwa kila inchi ya mraba. Bati lililoliwa na kutu likipasuka, waliomo katika chumba cha dereva hawana pa kukimbilia. Kwa hiyo mafundi hupima unene wa chuma, hung'oa mabomba ya moto yaliyochoka, kisha huijaza boila maji na kuisukuma kupita shinikizo la kawaida. Maji hutumika kwa sababu chuma kikishindwa maji huvuja tu, ilhali mvuke hulipuka. Moto wa kwanza nao huwashwa taratibu, kwani chuma kikipashwa kwa pupa hutanuka bila ulinganifu na viungo huachia.

Vipuri ni mtihani mwingine. Kiwanda cha Beyer, Peacock kilifungwa mwaka 1966, hivyo kinachokosekana huchongwa karakana au hutolewa kwenye kichwa kilichokufa. Mount Shengena, ndugu wa Mount Gelai, haikuwashwa pamoja nayo. Iliendelea kusimama baridi uani, hatua chache kutoka stesheni ilikokuwa ikiwasili na shehena za Mombasa.