Je, Wajua? Ngozi Ina Habari za Ubongo

● Ubongo na sehemu ya juu ya ngozi hutokana na tabaka moja la seli mimba ikiwa changa.

● Mtu akiwa na ugonjwa wa Parkinson, protini iitwayo alfa-sinukleini hujikunja vibaya na kurundikana katika ubongo. Protini hiyo hupatikana pia kwenye neva nyembamba za ngozi.

● Ili kuitafuta, daktari hutia ganzi, kisha hutoboa vipande vya ngozi vya milimita 3, kama punje ya ndengu, shingoni, pajani na karibu na kifundo cha mguu. Maabara huvitia rangi maalumu na kuvikagua kwa hadubini.

● Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la JAMA ulipima watu 428. Protini hiyo ilionekana kwa asilimia 92.7 ya wenye Parkinson, na kwa asilimia 3.3 tu ya wasio na ugonjwa.

● Hata hivyo, kipimo hiki hakitoshi peke yake, kwani magonjwa mengine ya ubongo huacha alama iyo hiyo.

● Mzee akitetemeka mkono hata akiwa ametulia, akikokota miguu au mwandiko wake ukizidi kuwa mdogo, msiseme ni uzee tu au amerogwa. Mpelekeni hospitalini: huenda ni Parkinson, na dawa ya levodopa hupunguza dalili hizo.