Kazi ya kuhesabu vitanda vya gorila

Wewe kijana wa Luvungi na wa machimbo, unafikiri msitu unaleta kazi ya kuchimba na kuchoma makaa tu? Iko na ingine. Katika parke ya Kahuzi-Biega, upande wa Bukavu, ICCN, shirika la serikali la kulinda wanyama, imetumia wataalamu wa makao ya wanyama.

Wanafanya nini? Kila jioni gorila anatengeneza kitanda kipya cha majani. Asubuhi mtaalamu anafuata nyayo, anahesabu vitanda, anapima mavi. Akikuta makubwa na madogo pamoja, anajua: mama alilala na mtoto. Anaandika pia mianzi na majani waliyokula.

Hesabu hii si mchezo. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda. Wachimbaji waliingia parke kwa wingi, wakaishi kwa nyama ya pori. Gorila na tembo walipunguka sana. Bila daftari, nani angejua?

Basi kijana, soma biolojia. Lakini usidharau Batwa. Serikali iliwaondoa mule miaka ya 1970, na kumbe wao ndio walimu wa nyayo. Daftari bila wao ni nusu.