Rangi ya Manjano na Miteremko ya Kiwira

Barabara itokayo Uyole, Mbeya, kwenda Tukuyu hadi Kasumulu, mpakani mwa Malawi, hupita katika mji mdogo wa Kiwira. Hapo hukutana malori yenye shehena, mabasi, bodaboda na akina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani. Mvua ya Rungwe ikinyesha na ukungu ukatanda, dereva haoni mbali. Ndugu yetu wa Unguja au Pemba anayetoka Mbeya kwenda Kyela kufuata mchele, njia yake ndiyo hiyo. Miji ya namna hii inakua upesi, na kila itokeapo ajali, sauti ya kudai taa za kuongozea magari haikawii kusikika. Dai hilo ni la haki. Lakini yafaa kwanza tujue tunadai nini.

Taa hizi si jambo la juzi. Za kwanza ziliwekwa London, karibu na Bunge la Uingereza, Desemba 1868. Ziliwaka kwa gesi, nazo rangi zake ziliazimwa kutoka reli. Haukupita muda, gesi ikalipuka na kumjeruhi polisi aliyekuwa akiziendesha. Taa za umeme ziliwekwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914, zikiwa na nyekundu na kijani tu. Manjano iliongezwa Detroit mwaka 1920.

Na hiyo manjano ndiyo isiyoeleweka hadi leo. Nyekundu yataka gari lisimame nyuma ya mstari. Kijani yaruhusu kupita endapo njia iko wazi. Manjano, madereva wengi (wakiwemo wa magari ya serikali) huifasiri kuwa ni wito wa kukaza mwendo. Sivyo hata kidogo. Maana yake ni simama, isipokuwa kwa yule aliyekwisha kukaribia mno, ambaye akifunga breki ghafla ataleta hatari.

Hapa ndipo wakuu wa barabara wanapohusika. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, mwendo wa juu kabisa katika maeneo ya makazi, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Manjano ikidumu sekunde 3, gari hilo limekwenda mita 42. Kwa gari dogo, katika tambarare kavu, huenda muda huo ukatosha. Lori lililosheheni, likiteremka juu ya lami iliyolowa, huhitaji masafa marefu zaidi ili lisimame. Mhandisi atakayechukua vipimo vya tambarare ya Dar es Salaam na kuvipandikiza mteremkoni atakuwa amemtega dereva mwaminifu: kusimama hawezi, na kuvuka kabla ya nyekundu hawezi.

Kwa hiyo vipimwe kwanza mteremko na mwendo halisi wa malori. Manjano irefushwe ipasavyo, na baada yake pande zote zibaki nyekundu kwa sekunde moja au mbili, njia panda ipate kuwa tupu. Mwenye miguu naye apewe muda wake wa kuvuka, uliopimwa kwa hatua za mzee, si za kijana.

Umeme ukikatika, kila dereva apunguze mwendo na kuingia njia panda kwa tahadhari. Na polisi akisimama hapo akanyoosha mkono, mkono wake ndio wa kufuatwa, hata kama taa iliyo juu yake ni ya kijani.