Nusu ya Utafiti Si Dawa

Je, manjano yanatibu ugonjwa wa prioni, yaani ugonjwa wa ubongo unaoletwa na protini zilizojikunja vibaya? Swali hili lina roho ya paka. Likizikwa likiwa manjano, hufufuka likiwa chai ya kijani, na kila linapofufuka huja na kauli ile ile: "Utafiti umethibitisha." Kinachoudhi ni kwamba utafiti wenyewe upo kweli. Mwaka 2003 Byron Caughey na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba kurkumini, kemikali inayoyapa manjano rangi yake, inazuia prioni zisirundikane ndani ya seli za neva zilizoambukizwa, tena kwa kiasi kidogo mno. Wanaosambaza habari hii huishia hapo. Ripoti yenyewe haikuishia hapo: hamsta walioambukizwa skrepi, ugonjwa wa prioni wa kondoo, walilishwa kurkumini, na ugonjwa haukuchelewa kwa kiwango chochote cha maana. Kwa hiyo anayeutaja utafiti huo ili auze vidonge vya manjano ameleta mahakamani shahidi wa upande wa pili.

Kwa nini kitu kifaulu kwenye kisahani cha maabara kisha kishindwe mwilini? Kwa sababu seli ya maabara huogeshwa ndani ya dawa, lakini ubongo lazima upelekewe. Kurkumini ni takriban asilimia 3 tu ya uzito wa manjano. Utumbo huifyonza kidogo, ini huibadilisha upesi, na kile kichache kinachoponea kwenye damu hukutana na kizuizi kinachoulinda ubongo. Isitoshe, kemikali hii ni hodari wa kuvidanganya vipimo: hung'aa yenyewe, huvunjika upesi na hung'ang'ania protini za kila aina, hivyo huonekana inafanya kazi hata pale isipofanya. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Journal of Medicinal Chemistry yalihesabu majaribio ya kitabibu zaidi ya 120 ya kurkumini kwa maradhi mbalimbali, na hayakupata hata moja, miongoni mwa yale yaliyofanywa kwa masharti makali ya kulinganisha dawa na kidonge bandia, lililofaulu. Chai ya kijani nayo ina kasoro yake. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba kemikali yake kuu hupunguza prioni kwenye seli, lakini hufanya hivyo kwa kuikunja vibaya hata protini nzima ambayo prioni hutokana nayo, na kuizuia isiilinde seli.

Hapo ndipo wenye ubishi huongeza pilipili manga. Ni kweli kwamba piperini ya pilipili manga ilionekana mwaka 1998 kuongeza kurkumini kwenye damu kwa asilimia 2,000. Lakini zidisha kitu kinachokaribia sifuri mara kama ishirini uone unabaki na nini, tena kwenye damu, bado hujagusa ubongo. Piperini hufanya hivyo kwa kuliziba ini lisitimize kazi yake, na ini hilo hilo ndilo linalosafisha dawa za kifafa ambazo baadhi ya wagonjwa wa prioni huzitumia. Kuongeza dozi nako si mzaha: mwaka 2019 Italia ilichunguza visa vya homa ya ini vilivyohusishwa na vidonge vya manjano. Wengine husema wazee wetu walijua. Wazee walijua mengi, ila ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ambao ni ugonjwa wa prioni wa binadamu, huwapata watu kati ya mmoja na wawili katika kila milioni kwa mwaka. Mganga angeishi maisha yake yote bila kukutana na mgonjwa wa pili wa kumlinganisha na wa kwanza. Na shuhuda za waliopona? Foleni ya kikombe cha dawa ya mitishamba kule Loliondo, Tanzania, mwaka 2011 ilikuwa ndefu kuliko ushahidi wake. Mtu aliyesahau jina lake kisha akalikumbuka baada ya kunywa manjano hakuwa na prioni, alikuwa na ugonjwa mwingine ambao huenda ungetibika mapema zaidi.

Pingamizi la mwisho ndilo linalopendwa kuliko yote: eti kampuni zinaficha dawa za asili kwa kuwa hazina faida. Ukweli unaenda kinyume. Maabara ile ile ya Caughey ilichuja dawa na kemikali asilia 2,000, ikachapisha hadharani zile 17 zilizozuia prioni, tanini za mimea zikiwemo. Kwinakrini, dawa ya malaria ya zama za Vita vya Pili vya Dunia, ilijaribiwa Uingereza, na mwaka 2009 ikaripotiwa kwamba haikurefusha maisha. Doksisaiklini, ambayo asili yake ni bakteria wa udongoni na bei yake ni ya kawaida, ilijaribiwa kwa wagonjwa 121 Italia na Ufaransa. Matokeo ya mwaka 2014 yakawa yale yale. Pentosani, inayotengenezwa kutokana na mti wa bichi, haivuki kizuizi cha ubongo, hivyo madaktari walilazimika kutoboa fuvu na kuidondoshea ndani kwa mrija. Haikurudisha kilichokwisha kuharibika. Mimea haikudharauliwa. Ilipewa nafasi, ikapimwa, ikashindwa pamoja na dawa za viwandani.

Basi lipi la kufanya? Thibitisha kwanza: MRI ya ubongo, kipimo cha umeme wa ubongo, maji ya uti wa mgongo. Hakikisha si kaswende ya ubongo, VVU, upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, au kinga ya mwili kuushambulia ubongo, hayo yanatibika. Misuli ikishtukashtuka, klonazepamu husaidia. Omba tiba shufaa tangu siku ya kwanza, maana wengi huishi miezi michache tu baada ya dalili kuanza. Kumwogesha, kumlisha na kumkumbatia mgonjwa hakuambukizi, lakini hospitali iambiwe kabla ya upasuaji wowote, kwa sababu usafishaji wa kawaida wa vifaa hauziondoi prioni. Kama ugonjwa unarithiwa katika ukoo, tafuteni ushauri wa vinasaba. Dawa za kupunguza utengenezaji wa protini ambayo prioni hutokana nayo zimeanza kujaribiwa kwa binadamu. Muulize daktari bingwa, usimuulize muuza vidonge. Na mgonjwa ambaye bado anameza vizuri akitamani mchuzi wa manjano, apikiwe. Ale kama chakula.