Kahawa ya Kusimama na Kahawa ya Kuketi: Tatizo la Mfasiri

Makala haya yanalinganisha unywaji wa kahawa katika mataifa mawili jirani, Italia na Austria, ili kubainisha tatizo linalomkabili mfasiri wa Kiswahili. Neno letu kahawa, lililotokana na Kiarabu qahwa, lina nasaba moja na caffè la Kiitaliano na Kaffee la Kijerumani. Hata hivyo, mila zinazoambatana na maneno haya hazifanani.

Nchini Italia, kahawa ya kawaida ni espresso, zao la mashine ya mvuke. Angelo Moriondo wa Turin alipata hataza ya mashine ya aina hiyo mwaka 1884, naye Luigi Bezzera wa Milan akaendeleza wazo hilo mwaka 1901. Shabaha ilikuwa kasi. Mnywaji husimama penye kaunta, akapiga mafunda mawili matatu, akaenda zake. Anayeketi mezani aghalabu hulipa zaidi. Cappuccino, yenye maziwa, ni ya asubuhi. Anayeiagiza baada ya chakula cha mchana hutambulika kuwa mgeni.

Jijini Vienna mambo ni kinyume. Mteja huketi, huletewa kahawa na bilauri ya maji juu ya sinia ndogo, na aweza kusoma magazeti ya mkahawa kwa saa kadhaa pasi na kuagiza tena. Mwandishi Peter Altenberg alipokelea hata barua zake katika Café Central. Mwaka 2011, utamaduni huu uliorodheshwa kuwa urithi wa kitaifa wa Austria.

Aidha, mila hizi zimekutana Trieste, bandari iliyokuwa chini ya Austria hadi mwaka 1918 na ambayo sasa imo Italia. Huko espresso huitwa nero, yaani nyeusi, na yenye maziwa kidogo huitwa capo.

Sasa tuchukue sentensi "alikunywa kahawa". Katika hadithi ya Milan, tendo hilo ni la dakika chache. Katika hadithi ya Vienna, laweza kumaliza alasiri nzima. Msomaji wa Mombasa, aliyezoea kahawa chungu ya barazani, atadhani pana kikao na mazungumzo. Kwa hivyo, mhusika wa Milan atasomeka mzembe ilhali ana haraka.

Kwa maoni yetu, suluhisho halimo katika kukopa nomino wala kurundika tanbihi. Limo katika kitenzi: huyu "aliinywa wima", yule "aliketi na kahawa yake".