Istilahi za Malezi ya Kasuku: Neno Moja Lisibebeshwe Maana Mbili

Kasuku ni ndege aliyezoeleka katika lugha yetu kuliko alivyozoeleka katika nyumba zetu. Mwanafunzi anayejibu pasi na kuelewa huambiwa kuwa amekariri kama kasuku, na msemaji asiye na mawazo yake mwenyewe huitwa kasuku wa mwenziwe. Siku hizi, hata hivyo, ndege wa jamii hii wanafugwa katika miji mingi, na vijitabu vya kuelekeza malezi yao vinafasiriwa kwa Kiswahili. Kimojawapo kililetwa mezani petu kabla ya kupigwa chapa ili tuzikague istilahi zake. Sarufi yake haikuwa na dosari kubwa. Lakini tulipokisoma kama mtu mwenye ndege tunduni, tuliona kwamba msomaji mwaminifu, akiyafuata maneno kama yalivyoandikwa, angeweza kumdhuru ndege wake, na pengine kumwua.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mahali palipo na hatari hiyo na kutoa mapendekezo. Tunaamini kuwa yatawafaa hata wale wasiofuga ndege, kwa maana kosa tunalolizungumzia hutokea katika kila fani: maana mbili zilizo mbali kutiwa katika neno moja.

1. Majina ya ndege wenyewe

Neno kasuku lina matumizi mawili. Kwa upana wake linataja jamii nzima ya ndege wenye mdomo uliopinda na miguu yenye vidole viwili mbele na viwili nyuma, ambao aina zake ni zaidi ya 350 duniani. Kwa ufinyu wake linamtaja ndege mmoja, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayeishi katika misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati hadi Uganda na Kakamega nchini Kenya. Katika mazungumzo, utata huu hauna madhara. Katika maandishi ya serikali unayo.

Mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, unaigusa karibu jamii yote ya kasuku, ila hauwaweki wote katika daraja moja. Kasuku wa kijivu wa Afrika alipandishwa hadi Kiambatisho cha Kwanza katika mkutano wa Johannesburg mwaka 2016 uliofuatiwa na utekelezaji mwaka 2017. Maana yake ni kwamba biashara ya kimataifa ya ndege waliokamatwa porini imekatazwa. Kinyume chake, yule ndege mdogo wa Australia mwenye rangi ya kijani na manjano, afugwaye zaidi kuliko wote, hayumo kabisa katika orodha za mkataba huo. Karani anayeandika kwenye fomu ya kibali neno "kasuku" peke yake hajasema chochote: huenda anaruhusu kilicho halali, au anafungulia mlango kilichokatazwa. Hivyo tunashauri kasuku libaki kuwa jina la jamii, na kila aina ipewe jina lake kamili, kama vile kasuku wa kijivu.

Yule mdogo wa Australia kijitabu kilimwita "kasuku wa Australia". Jina hilo halitoshi, kwani Australia ina aina nyingi za kasuku. Tunapendekeza jina lake litoholewe liwe bajerigari. Wafasiri watakutana pia na neno la Kiingereza linalotumika kwa kasuku wadogo wenye mikia mirefu. Neno hilo halitaji ukoo mmoja wa kisayansi, bali hukusanya ndege wa koo mbalimbali kwa umbo tu. Hatuoni haja ya kuliundia istilahi. Yatosha kusema kasuku wadogo wenye mikia mirefu, na panapowezekana kuitaja aina yenyewe.

Jina lililotusikitisha zaidi ni "ndege wa mapenzi", tafsiri ya neno kwa neno kwa ndege ambao Kiswahili kinawaita cherero. Aina mbili kati yao asili yao ni Tanzania: cherero wa Fischer, apatikanaye kusini ya Ziwa Victoria hadi Serengeti, na cherero shingo-manjano wa nyanda kavu za katikati ya nchi. Si jambo la kujivunia kumwazimia jina la kigeni ndege wa kwetu. Tena jina hilo linapotosha. Ni kweli kwamba dume na jike wa cherero hushikamana sana, lakini kwa ndege wa aina nyingine ni wagomvi, na huweza kuwajeruhi vibaya wakitiwa nao katika tundu moja. Msomaji aliyeahidiwa mapenzi hatategemea damu.

2. Tabia

Katika kueleza tabia, Kiswahili kina hazina ambayo mfasiri wa kijitabu hakuitumia, nayo ni vitenzi na viambishi vyake.

Kwanza, kutapika na kucheua. Kasuku akimpenda mwenzake, au mtu anayemlea, hutikisa kichwa juu na chini, akarudisha chakula kutoka goleni, yaani katika mfuko wa chakula ulio shingoni, na kumpa. Ndivyo pia anavyolisha makinda. Kijitabu kilisema kuwa ndege "hutapika", na ukurasa uliofuata kikaonya kuwa ndege akitapika apelekwe kwa daktari wa mifugo. Msomaji ashike lipi? Tendo la kwanza ni kucheua, na ni dalili ya mapenzi. La pili ni kutapika: ndege hutupa chakula ovyo huku akitikisa kichwa upande hadi upande, na manyoya ya kichwani yakachafuka. Hilo ni ugonjwa. Maneno yote mawili tunayo. Kilichokosekana ni kuyatenga.

Pili, manyoya. Kijitabu kilitumia "kupoteza manyoya" katika hali tatu zilizo tofauti. Tazama jinsi kitenzi nyonyoa kinavyozitenganisha bila kuunda neno jipya hata moja. Ndege hunyonyoka manyoya yake ya zamani yanapotoka yenyewe ili kupisha mapya. Hali hii ni ya kawaida. Ndege hunyonyolewa na mwenzake anapofinyangwa au kuonewa tunduni. Dawa yake ni kuwatenganisha. Ndege hujinyonyoa anapoyang'oa manyoya yake mwenyewe kwa mdomo. Chanzo chaweza kuwa maradhi, lishe mbovu, upweke au kukosa shughuli, na hapa daktari anahitajika. Walimu wa sarufi wasiache mfano huu uwapite: kauli ya kutendeka, kauli ya kutendwa na kiambishi rejeshi hapa vinampa mfugaji maelekezo matatu tofauti.

Tatu, kukaa kwa mgonjwa. Kasuku huficha ugonjwa, maana porini ndege anayeonekana dhaifu huwa mawindo ya kwanza. Dalili mojawapo ya mapema ni kukaa kwa muda mrefu manyoya yakiwa yamesimama, macho nusu wazi, bila kuchangamka. Kijitabu kiliandika kuwa ndege "hujitutumua". Kwa Mswahili, anayejitutumua ni mwenye nguvu au majivuno. Mfugaji akisoma hivyo atafurahi. Neno lifaalo ni kujikunyata, ambalo moja kwa moja humfanya msomaji aone baridi na unyonge. Kutimua manyoya kwa dakika moja na kuyakung'uta, baada ya kuyachambua kwa mdomo, ni jambo jingine tena, nalo halina ubaya.

Nne, sauti. Kasuku huishi makundi makundi, na akimkosa machoni mwenzake huita ili ajibiwe. Nyumbani, mwenzake ni mtu aliyetoka chumbani. Kijitabu kiliita sauti hiyo "kupiga kelele", na mwenye kusikia kelele hukemea au hufunika tundu. Tunapendekeza mwito wa kundi. Anayejua kuwa anaitwa ataitikia, na mara nyingi kuitikiwa kidogo kwa sauti tulivu humtosha ndege.

Hapa hatuna budi kurejea kwenye msemo tulioanza nao. Je, kasuku hukariri tu? Mwaka 1977 mtafiti Irene Pepperberg wa Marekani alinunua kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex, akamfundisha mpaka ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Akionyeshwa kitu, Alex aliweza kujibu ni cha rangi gani, cha umbo gani, au kimetengenezwa kwa nini, na alihesabu vitu hadi sita. Hatudai kuwa alikuwa na lugha kama ya binadamu. Twasema tu kwamba mfasiri atofautishe kuiga sauti, kama ndege anapoiga mlio wa mlango, na kutamka neno kwa kujibu. Kitenzi kukariri tuwaachie wanafunzi.

3. Malezi

Sehemu hii ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, ijapokuwa maneno yake ni ya kila siku.

Kijitabu kilielekeza kuwa bajerigari alishwe "mbegu". Katika matumizi yetu, mbegu hununuliwa katika duka la pembejeo kwa ajili ya kupanda, na mbegu hizo aghalabu zimepakwa dawa ya kuua kuvu na wadudu. Ndege akipewa atakufa kwa utii wa bwana wake. Kinachokusudiwa ni nafaka ndogo ndogo za chakula, kama vile uwele, ulezi na mtama. Aidha iongezwe kuwa nafaka peke yake haitoshi, kwani husababisha upungufu wa vitamini A. Mboga za majani na karoti zahitajika. Kuhusu vyakula vilivyokatazwa, parachichi ni sumu kwa kasuku. Tunashauri liandikwe pamoja na jina avokado, ambalo wasomaji wengi wa Kenya ndilo walijualo. Onyo lisiloeleweka mpakani si onyo.

Vilevile kijitabu kilionya dhidi ya "moshi" wa vikaango visivyoshika chakula. Vikaango hivyo vikipata moto kupita kiasi hutoa gesi inayoweza kumwua ndege kwa muda mfupi, kwa kuwa mapafu ya ndege huvuta hewa kwa ufanisi mkubwa kuliko yetu. Lakini gesi hiyo yaweza isionekane. Anayengoja kuuona moshi amekwisha kuchelewa. Iandikwe hewa ya sumu, na ielezwe kwamba haionekani.

Kwa upande wa vifaa, tundu lapendeza kubaki kwa ndege wa nyumbani, na kizimba kitumike kwa jengo kubwa la ndege wengi. Pale anapotua ndege ndani ya tundu, wengine wametuletea istilahi za kuunda. Sisi twaona kijiti cha kutulia kinatosha, ili mradi ielezwe kuwa vijiti viwe vya unene tofauti, nyayo zisichubuke. Si kila kitu kinadai istilahi mpya.

4. Muhtasari wa mapendekezo

Kasuku: jamii nzima, aina itajwe kwa jina kamili.
Bajerigari: kasuku mdogo wa Australia.
Cherero: si "ndege wa mapenzi".
Kucheua: kurudisha chakula kutoka goleni ili kulisha, kutapika ni ugonjwa.
Kunyonyoka, kunyonyolewa, kujinyonyoa: zisichanganywe.
Kujikunyata: kukaa kwa ndege mgonjwa.
Mwito wa kundi: si "kelele".
Nafaka: chakula; mbegu ni za kupanda.
Hewa ya sumu: si "moshi".

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kila dhana nayo ipewe neno lake. Mapendekezo haya si sheria. Tunawaomba wasomaji, hasa wafugaji, madaktari wa mifugo na wenyeji wa maeneo wanakoishi cherero, watuandikie majina na vitenzi wavitumiavyo. Yamkini wanayo maneno bora kuliko haya yetu.